Zima transponda utoke kimya kimya? Thubutu!

Swali: Assalaam alaykum mzee wetu. Mie msomaji wako wa Fuoni, nasomea leseni ya urubani binafsi, nimebakisha safari za masafa tu. Wiki ijayo nnatakiwa niondoke Unguja peke yangu, nitue Pemba, kisha Tanga, ndo nirudi. Juzi tumekaa na wenzangu ikaja mada ya kuingia anga iliyokatazwa kwa bahati mbaya. Mmoja akasema ukigundua umeshaingia, zima transponda, shuka chini, toka kimya kimya, hakuna atakaejua. Ni kweli? Na inakuwaje mtu ana GPS mbele yake na bado anaingia huko? Nna wasiwasi kusema kweli.

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu. Huo wasiwasi wako mzuri, usiupoteze, nnaemuogopa mie ni huyo mwenzio asiekuwa nao.

Nianze na hilo la transponda mana ndo limenifanya niache chai ipoe. Usiizime. Hata kama umejikuta katikati kabisa ya eneo na mikono inatetemeka, usiizime. Transponda ni kile kidude kinachoijibu rada, rada inauliza "nani wewe?" nacho kinajibu kwa namba 4 ulizopewa pamoja na urefu ulionao. Ukizima, jibu linakatika lakini ndege haijaondoka angani, bati lako liko pale pale, na ipo rada ya aina nyengine isiyomuuliza mtu kitu, yenyewe inapiga wimbi linagonga bati linarudi, basi. Sasa hebu kaa wewe kwenye kiti cha yule anaetizama skrini. Dakika moja nyuma alikuwa na kidoto chenye namba, futi 3,000, kinakwenda sawasawa kama mtu anaekwenda zake Darajani. Ghafla namba imekatika, urefu haujulikani tena, kidoto kimepinda, na redioni kimya. Yeye hajui kama ni mtoto wa Fuoni kapotea. Anachojua ni kuwa aliepotea mara nyingi anakwenda tu hana habari na transponda yake inawaka, anaejificha ndo anaezima na kushuka chini. Kwa hio mwenzio anakufundisha ujifananishe na jambazi mbele ya askari, tena kwa hiari yako.

Na hata pale rada isipokuona, tumbo la bawa lako limeandikwa 5H, alama ya ndege za Tanzania, na herufi zako, herufi za nusu mita nzima kwenda juu, na kila mtu chini ana simu yenye kamera. Hakuna atakaejua? Watajua mpaka wauza urojo.

Unachofanya ni kinyume chake. Kwanza shika ndege yako, mabawa sawa, usipinde kwa pupa mana kupinda kwa pupa karibu na maji ndo kunakoua kuliko hiyo anga yenyewe. Khalafu bonyeza redio useme. Kama unazungumza na mnara wa kuongozea ndege, sema hapo hapo ulipo. Kama huna mtu, nenda 121.5, hio ni masafa ya dharura dunia nzima, kuna watu wanaisikiliza. Sema jina la ndege, sema huna hakika na mahali ulipo au unadhani umeingia eneo lililokatazwa, sema urefu na upande unaoelekea, omba uelekezwe utoke vipi. Ukiona hali mbaya zaidi tanguliza pan-pan mara 3, yaani wito wa kuomba msaada wa haraka, hio si aibu, imewekwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Ikiwa chini ya mawingu kuna nafasi na huingii kwengine, panda juu kidogo, juu unaonekana vizuri na unasikika mbali, na wewe mwenyewe unaiona pwani.

Nlikaa mnarani miaka mingi, kiwanja sikitaji. Siku moja alasiri, msimu wa kusi, kuna ndege ndogo ya siti 4 ya mgeni, yuko kimya dakika kama 10, nikadhani kabadili masafa. Mara nasikia sauti ya chini, ile sauti ya mtu anaeuliza bei na hana pesa, anasema yuko kaskazini ya Tumbatu. Sikupenda ile sauti. Nikamwambia hebu nambie chini yako unaona nini. Akasema kisiwa kidogo, mchanga mweupe, na mwamba mkubwa umekizunguka maji ya kijani. Bas nikajua. Tumbatu ni ndefu, na ina watu, utaona mapaa ya mabati ya Jongowe na Gomani. Alichokuwa anakitizama ni Mnemba. Yaani alikuwa upande wa pili wa Unguja kabisa, karibu maili 10 kutoka pale alipodhani yupo, na siku ile upande huo kulikuwa na kipande cha anga kimefungwa kwa notamu, yaani tangazo la muda kwa marubani, yeye pua imeelekea huko huko. Nikampa upande wa kupinda, dakika 2 imekwisha. Alipotua alikuja juu na karatasi yake kuandika ripoti, mtu mzima, jasho limemtoka, akanambia nlikuwa naona haya kuuliza. Dakika 10 zote zile alikuwa anaona haya.

Haya, sasa la GPS. Nikisema maili hapa nakusudia maili ya baharini, km 1.85.

Chukua ramani na rula, sio simu. Kutoka Unguja mpaka Chake Chake ni kama maili 68, na mstari wako unakwenda kaskazini mashariki, nyuzi 31 hivi ukipima kwa kaskazini ya ramani. Unaiacha pwani maeneo ya Kiwengwa na Pwani Mchangani, Mnemba inabaki kushoto, khalafu maji matupu, khalafu kusini ya Pemba. Sasa tia kusi la mwezi wa saba, tuseme maili 20 kwa saa linatoka kusini likielemea mashariki kidogo, nyuzi 150 hivi, na ndege yako inakwenda 110. Usiporekebisha pua, upepo huo unakusukuma kushoto karibu maili 17 kwa kila saa, na safari ni kama dakika 34. Piga hesabu mwenyewe, utafika sambamba na kiwanja ukiwa umekikosa kwa karibu maili 10, uko juu ya maji upande wa magharibi, unaitafuta Pemba ilikokwenda. Na hujafanya kosa hata moja la kuonekana. Dira ilikuwa pale pale ulipoambiwa uiweke. Hakuna aliekudanganya ila upepo ambao hata bibi yako wa Mkoani anaujua unavyovuma.

Kuna kanuni ya zamani ya mahesabu ya kichwani, kila nyuzi 1 ya kosa inakupeleka maili 1 pembeni ukienda maili 60. Nyuzi 5 maili 5. Ishike hio, itakufaa kuliko skrini.

Kaskazi lina ubaya mwengine. Lile linakupiga usoni, halikusukumi sana pembeni, linakuchelewesha tu, ile safari ya dakika 34 inakuwa dakika 45, na mtu akishapitisha muda aliouandika kwenye karatasi na hajaona kiwanja anaanza kushuku, anapinda kutafuta, na kule kutafuta ndo kunampeleka pasipo pake. Watu wengi hawakupotea wakiwa njiani, walipotea walipoanza kutafuta.

Lakini GPS si inaonyesha yote haya? Inaonyesha, ukiitizama, na ukiisoma kama ilivyo. Nikupe langu mie mwenyewe. Niliazima ndege ya mtu huko bara, siku nzuri haina wingu, nikapanga nilipite eneo moja lililozuiwa kwa umbali wa maili 5. Kwenye skrini nikaona 5, nikaridhika, nikawa natizama tembo. Alieirusha kabla yangu alikuwa kaiweka kwenye kilomita. Kilomita 5 ni maili 2.7 tu, upepo ukala zilizobaki, nikakata pembe ya lile eneo. Nilipogundua nilishika redio nikasema, nadhani nimeingia kwenye eneo lenu, naomba upande wa kutokea. Jamaa akanijibu taratibu kabisa, pinda kulia, asante kwa kutuambia. Baadae nikaitwa, nikakaa kwenye kiti kigumu, nikaandika, nikaulizwa maswali ya kitoto ambayo yote nlistahiki. Leseni yangu ninayo mpaka leo.

Jengine ni ramani iliyochacha. Taarifa za anga zinabadilishwa kwa mzunguko wa siku 28, na ile programu kwenye tableti yako usipoisasisha itakuonyesha kwa rangi nzuri sana anga ya mwezi uliopita. Na maeneo ya muda, yale yanayofungwa kwa saa kadhaa kwa ajili ya mgeni mkubwa, mazoezi ya jeshi au sherehe, hayachorwi kwenye ramani ya karatasi, yanakuja kwa notamu. Usiposoma notamu ya siku ile huwezi kuyajua, hata uwe na GPS 3. Soma usiku, khalafu asubuhi kabla hujawasha injini uliza tena, mana inaweza kutoka nyengine wewe umelala.

Kisa maarufu cha hili ni cha Marekani, tarehe 11 Mei 2005. Watu wawili, mwenye leseni na mwanafunzi, kwenye Cessna 150 kuukuu, waliondoka Smoketown huko Pennsylvania wanakwenda Lumberton, North Carolina, kutizama maonyesho ya ndege. Kati yao na maonyesho iko Washington, ambayo tangu mashambulizi ya Septemba 2001 imezungushiwa anga ngumu kuliko sehemu nyingi duniani. Notamu hawakusoma. Wakafika maili kama 3 kutoka Ikulu ya Marekani, maelfu ya watu wakatolewa mbio kwenye majengo ya serikali, ndege za kivita F-16 zikawatupia fataki za onyo, mwisho wakateremshwa Frederick, Maryland. Wale hawakuwa na nia yoyote mbaya, walikuwa wanakwenda kutizama ndege! Mwenye leseni akafutiwa leseni yake, mwanafunzi hakuadhibiwa. Na wewe ukiwa peke yako ndani ya ndege mwanafunzi ni wewe na rubani ni wewe, hilo ulijue.

Urefu nao, watu wanausahau. Eneo lina kuta lakini lina sakafu na dari pia. Ukipanga kupita chini ya eneo linaloanzia futi 2,000, wewe uko 1,800, na kipimo cha urefu umekiwekea mgandamizo wa hewa 1008 kumbe wa kweli ni 1016, basi kipimo kitasoma 1,800 na wewe uko juu ya 2,000, kwa sababu kila hektopaskali moja ni karibu futi 30. Uingereza wanawafundisha marubani wadogo wajipe maili 2 pembeni na futi 200 juu au chini ya kila mpaka. Mie kwa bahari yetu hii ningejipa 3, maji hayakatazi mtu kuzunguka.

Kuhusu majina, nipite haraka. Kwenye ramani utaona HT, hio ni Tanzania, ikifuatwa na herufi. P ni pamekatazwa, hapaingiliki. R ni pamezuiwa, panaingilika kwa masharti yaliyoandikwa, pengine ni saa fulani tu. D ni pa hatari, hukatazwi lakini jiulize una shida gani huko. Na ukivuka maili 12 za maji ya nchi, P na R hazichorwi tena, nchi haiwezi kukataza bahari kuu, inaweza tu kukuonya kwa D. Ukitoka Pemba kwenda Tanga lile lile kusi litakusukuma kulia, upande wa Kenya, ukiona herufi zimekuwa HK ujue unatizama anga ya wengine na masafa ya redio ni mengine. (Kama hujajua kwa nini mwalimu kakuongezea Tanga, ni kwa sababu safari yako kubwa ya peke yako haitakiwi kupungua km 270 na utue viwanja viwili, Pemba kwenda na kurudi ni km 250 tu.)

Mabaya kabisa yakitokea. Huenda yasikufike maisha yako yote lakini yajue. Ukiona kutoka chini inarushwa fataki kila baada ya sekunde 10, kila moja ikipasuka inatoa nyekundu na kijani, usidhani kuna harusi, hio ni alama ya kimataifa ya kukwambia uko ndani ya eneo lililokatazwa au unakaribia kuingia, ondoka. Na ukiona ndege ya jeshi imekuja mbele yako, juu kidogo, upande wa kushoto, inatikisa mabawa, nayo inasema nifuate. Wewe tikisa mabawa yako, ifuate inavyopinda pole pole, usiende upande wako. Ingia 121.5 useme wewe nani, na transponda uiweke 7700, namba ya dharura, mpaka uambiwe vyenginevyo. Unaona? Hata hapo transponda inatakiwa iwake. Ikizunguka juu ya kiwanja imeteremsha magurudumu na taa zinawaka, inakutaka utue hapo. Ikikatika ghafla kwenda juu pembeni bila kukupitia mbele, umeachiwa, tikisa mabawa uende zako.

Wengine wakisikia hayo wanaogopa, wanasema si watanipiga? Sikiliza. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege kubwa ya abiria ya Korea, Boeing 747, ilitoka kwenye njia yake ikaingia anga ya Urusi ya wakati ule na ikatunguliwa karibu na Sakhalin, wakafa watu 269. Uchunguzi ulionyesha marubani hawakugundua kuwa mitambo inaipeleka ndege kwa upande wa dira tu badala ya kufuata njia iliyopangwa, wakaenda saa 5 na zaidi hivo hivo. Marubani wa safari ndefu hao, na vifaa vyote. Mwaka uliofuata nchi wanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wakaongeza kifungu kwenye Mkataba wa Chicago ambao ndo sheria mama ya anga, nambari 3 bis, kinachosema nchi zijizuie kutumia silaha dhidi ya ndege ya kiraia iliyoko angani, na palepale kikazipa haki ya kuilazimisha itue. Kwa hio sheria iko na wewe, lakini sheria hio inamlinda raia anaejulikana kuwa ni raia, na namna pekee ya wao kukujua ni sauti yako na ile transponda ambayo mwenzio anataka uizime.

Baada ya kutua usikimbilie nyumbani. Kaa kwenye kivuli uandike kila kitu ukiwa bado unakumbuka, saa ngapi, urefu gani, ulisema nini, uliambiwa nini, GPS usiifute. Mwambie mwalimu wako kabla hajaambiwa na mtu. Wenzetu Marekani tangu 1976 wana utaratibu wa rubani kujiripoti mwenyewe ndani ya siku 10, na kama hakukusudia na hakuna uhalifu, adhabu kwa kawaida inasamehewa, kwa sababu wanataka wajue watu wanajikwaa wapi. Huku kwetu mwenye sauti ni mamlaka ya usafiri wa anga na wao ndo watakaoamua, siwezi kukuahidi kitu kwa niaba yao, ila nimekaa upande ule wa meza na nakwambia karatasi iliyoletwa na rubani mwenyewe haisomwi kwa jicho lile lile kama iliyoletwa na polisi.

Wiki ijayo basi, kabla hujaondoka, chora mstari kwa penseli, tia alama kila baada ya dakika 10 uandike pembeni utakachokiona, Mnemba kushoto, ncha ya kusini ya Pemba mbele, uhakikishe skrini iko kwenye maili. Ukikaribia Chake tizama kisiwa cha Misali. Ikiwa iko mbali kushoto kwako, kama maili 12, uko pako. Ikiwa iko chini ya bawa, kusi limeshakuchukua, pinda kulia na uwaambie mnara. Ukirudi uniandikie uliiona wapi.